Motiriot wa Wakipsigis

Mwalimu wa jando kwa Wakipsigis wa Kenya huitwa motiriot. Wakiwa wengi ni motirenik. Huko Ndanai, kama kwingineko katika eneo la Sotik, kazi yake ilikuwa kumpokea kijana katika tumdo, yaani jando, na kumlea katika menjo, kumbi lililojengwa mbali na nyumba za akina mama. Mafunzo yaliushika mwili na akili kwa pamoja: kustahimili kisu bila kupepesa jicho, kutii, kutunza siri, kuimba nyimbo ambazo asiyetahiriwa hakuruhusiwa kuzisikia.

Hatua moja iliitwa kayaet. Kijito kilizibwa hadi maji yakajaa, kisha vijana wakapitishwa humo wakiwa wamezama, mmoja baada ya mwingine. J. G. Peristiany, aliyeandika kuhusu Wakipsigis mwaka 1939, aliieleza pamoja na hatua nyingine. Hapo ukali peke yake haukutosha. Mwalimu alitakiwa kumtambua anayeogopa tu, ambaye angesukumwa mbele, na yule ambaye kidonda chake hakijapona. Akikosea, msiba ulikuwa wake.

Ndiyo maana hakuachwa peke yake. Kwa kawaida walimu walikuwa wawili, mkubwa na msaidizi wake, na juu yao palikuwa na wazee. Marika nayo yalimweka mahali pake. Yako saba na hupokezana kwa mzunguko: Maina, Chumo, Sawe, Korongoro, Kaplelach, Kimnyige na Nyongi. Motiriot alikuwa amepita njia ileile mbele ya waliomtangulia, na wengi wao walikuwa hai bado, wakimtazama. Ukali ulikuwepo, tena mwingi, lakini alikuwepo pia mtu wa kumwambia basi.

Karne ya 20 ilibana muda. Zamani vijana walikaa menjo miezi mingi. Mashamba makubwa ya chai ya Kericho, yaliyoanza miaka ya 1920, yaliwaita vijana kwenye kazi ya mshahara; misheni ya Tenwek ikaja katika miaka ya 1930; shule zikafuata. Tumdo likasukumwa hadi likizo ya Desemba, na tangu 1985 hadi 2023 wengi waliliingia mara tu baada ya mtihani wa darasa la nane. Makanisa mengine yameanzisha jando lao, kisu kikiwa mkononi mwa mhudumu wa afya. 

Kwa wiki chache hizo za likizo, mahali pengi motiriot ni kijana aliyetoka kumbini juzijuzi, na wazee wako mbali. Malalamiko ya viboko na pombe yanayosikika Bonde la Ufa kila msimu yana mzizi hapo. Mzazi anayempeleka mwanawe jandoni Desemba anapaswa kuuliza mapema: motiriot huyu anawajibika kwa nani?