Kitabu cha Mmaasai kwa Kiingereza

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Historia.)

Natumaini taa inawaka vizuri na mwalimu wenu amekwisha kuandika tarehe ubaoni. Leo tuna somo la historia, lakini si historia ya vita wala ya wafalme. Ni historia ya vitabu. Na wewe unayesoma maneno haya baada ya matangazo, soma polepole. Ukikutana na neno gumu, lipigie mstari, kisha umwulize mwenzako.

Miaka kadhaa iliyopita nilitembelea darasa la watu wazima huko Buger, katika wilaya ya Karatu. Tulipomaliza kusoma, mama mmoja akasimama akasema, "Bwana Elimu, nina swali. Binti yangu yuko kidato cha tatu. Amekuja nyumbani na kitabu. Nikamwuliza kinahusu nini, akanijibu kinahusu kijana wa Kimaasai. Wamaasai ni jirani zetu. Tunakutana nao mnadani, tunaongea nao Kiswahili, na bei tunapatana. Sasa huyu Mmaasai wa kitabuni kwa nini anasema Kiingereza?"

Watu walicheka sana, na mimi nikacheka pamoja nao. Kisha nikampa jibu la haraka haraka, ambalo halikunipendeza hata mimi mwenyewe. Basi leo nalipa deni lile.

Turudi nyuma mpaka mwaka 1867, kisiwani Unguja. Huko alikuwako padri mmoja Mwingereza, jina lake Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu. Alijifunza Kiswahili kwa bidii, na misheni yake ilikuwa na mtambo wa kupiga chapa. Mwaka ule alitoa kitabu kidogo chenye jina Hadithi za Kiingereza. Hadithi zile zilitoka katika michezo ya William Shakespeare, mtunzi mkubwa wa Waingereza aliyezaliwa mwaka 1564 akafa mwaka 1616. Steere hakuitafsiri michezo yenyewe. Alichukua muhtasari wake, ulioandikwa na Charles Lamb na dada yake Mary mwaka 1807 kwa ajili ya watoto wa Uingereza.

Angalieni jambo hili. Shakespeare alipoingia katika vitabu vyetu mara ya kwanza aliingia akisema Kiswahili. Kiingereza kilimfuata baadaye.

Hadithi mojawapo katika kitabu kile iliitwa Kuwia na Kuwiwa. Kuwia ni kumdai mtu. Kuwiwa ni kudaiwa. Hadithi yenyewe ni hii. Katika mji wa Venisi alikuwako mfanyabiashara jina lake Antonio. Rafiki yake alitaka fedha za kwenda kuposa. Fedha za Antonio zote zilikuwa baharini ndani ya majahazi, kwa hiyo akaenda kukopa kwa Shylock, mkopeshaji, dukati 3,000 kwa miezi mitatu. Shylock akasema, sitaki riba, lakini usiponilipa siku ile nitakata ratili moja ya nyama ya mwili wako. Antonio akakubali, akatia sahihi. Habari zikaja kwamba majahazi yamepotea, na siku ya kulipa ikapita. Shylock akaja barazani na kisu. Hapo akatokea hakimu kijana, ambaye kwa kweli alikuwa mwanamke aliyevaa mavazi ya kiume, jina lake Portia. Akamwambia Shylock, kata nyama yako kama mkataba ulivyosema, lakini damu haikutajwa. Ikimwagika hata tone moja, sheria itakushika wewe.

Nani kati yenu hajapata kuwiwa? Nani hajaweka alama ya kidole au sahihi penye karatasi ambayo mwingine alimsomea? Nikiisimulia hadithi hii katika madarasa ya watu wazima, hakuna anayeniuliza Venisi iko wapi. Wananiuliza kama Antonio alisoma mkataba kabla ya kutia sahihi. Lakini niseme pia, Shylock alikuwa Myahudi, naye alitukanwa na kutemewa mate na wale wale waliokuja kumwomba fedha. Mwalimu mzuri wa sekondari haachi jambo hilo lipite bila kuwauliza wanafunzi, je, ni haki?

Wadachi walipotawala nchi yetu walitumia Kiswahili katika shule na katika ofisi. Baada ya Vita Kuu ya kwanza wakaja Waingereza. Nao waliacha Kiswahili katika madarasa ya chini, wakaweka Kiingereza katika madarasa ya juu. Mwanafunzi aliyefika darasa la kumi na mbili, nao walikuwa wachache mno, alifanya mtihani wa Cambridge. Maswali yalitungwa Uingereza, na majibu yalisafirishwa kwenda kusahihishwa huko huko. Ndiyo maana kijana wa Tabora au wa Pugu alisoma habari za theluji, za maua asiyoyajua, na za mabwana wa London na wake zao. Aliyesahihisha alikuwa huko, na yeye ndiye aliyechagua.

Katika vijana wale wa Tabora alikuwako Julius Nyerere, aliyeingia shule ile mwaka 1937. Kutoka hapo alikwenda Makerere, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh, Uskochi, akarudi mwaka 1952 na shahada. Alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mwanasiasa, kwanza Tabora, kisha Pugu. Mwaka 1963, akiwa tayari Rais wa Tanganyika, lilitokea jambo la ajabu kidogo. Rais huyu, mwenye kazi zote za nchi changa, alitoa kitabu cha Shakespeare alichokitafsiri kwa mkono wake, mchezo wa Julius Caesar. Mwaka 1969 alikitoa tena baada ya kukisahihisha, kwa jina la Juliasi Kaizari.

Mchezo huo ni habari ya kiongozi wa Roma aliyeuawa na marafiki zake, kwa kuwa waliogopa atajifanya mfalme. Baada ya kumwua, Bruto anawaeleza watu sababu, na watu wanamshangilia. Kisha anapanda Antoni, naye anasema kwa namna yake, na watu wale wale wanageuka na kwenda kuchoma nyumba za wauaji. Ni hotuba mbili tu, na mji wote umepinduka. Sijui kama uko mchezo unaomfaa zaidi mtu anayepiga kura.

Mwaka ule ule wa 1969 Mwalimu Nyerere alitoa mchezo wa pili, ule ule wa Antonio na Shylock. Safari hii haukuitwa Kuwia na Kuwiwa. Aliuita Mabepari wa Venisi. Hapa tusimame kidogo, maana jina hili lina mambo. Neno bepari asili yake ni Uhindi, na zamani katika Kiswahili lilikuwa na maana ya mfanyabiashara tu. Lakini Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka 1967, na tangu hapo mtu akisema bepari, kila mtu alimfikiria mnyonyaji. Tena Shakespeare katika jina lake alimtaja mfanyabiashara mmoja. Mwalimu aliandika mabepari, wengi. Kwa hiyo Antonio, ambaye kwa Waingereza alikuwa mtu mwema, hapa anakaa safu moja na Shylock. Hadithi ni ile ile ya 1867, ila jina jipya linatuelekeza mahali pa kutazama. Mimi naona hilo lilikuwa somo zima la fasihi, na lilitolewa kwa maneno matatu.

Hakuwa peke yake. Samuel Mushi alitafsiri Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969. Kwa miaka michache ilionekana kama Shakespeare angehamia kabisa katika Kiswahili.

Wakati huo huo mambo mengine yalikuwa yakitokea. Mwezi wa Juni mwaka 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere, Uganda, kujadili vitabu vyao vya Kiingereza. Kijana mmoja Mkikuyu, mwanafunzi wa chuo kile kile, alikuwako, naye ni Ngũgĩ wa Thiong'o. Mwaka 1968, akiwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, yeye na wenzake wawili, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika barua kali. Walitaka idara ya Kiingereza ifutwe, na badala yake iwepo idara ya fasihi, ambayo Afrika itakuwa katikati yake na nchi nyingine pembeni. Waliuliza, kwa nini mtoto wa Kiafrika aanze kuitazama dunia kutoka dirisha la nyumba ya Mwingereza? Mambo yale yaliwasha moto katika vyuo na shule za Afrika Mashariki.

Na kwetu? Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika mitihani ya pamoja ya Afrika Mashariki, na mwaka 1973 Baraza la Mitihani la Taifa likaundwa kwa sheria. Sasa waliochagua vitabu walikuwa watu wetu. Basi orodha ikabadilika. Wakaingia Chinua Achebe na Wole Soyinka wa Nigeria, Ngũgĩ wa Kenya, na Okot p'Bitek wa Uganda, ambaye Lawino wake analalamika kwamba mumewe amesoma mpaka ameidharau nyumba yake. Akaingia pia Henry ole Kulet, Mmaasai wa Kenya, ambaye kitabu chake Is It Possible? kilitoka mwaka 1971. Kijana katika kitabu hicho anavutwa na shule upande mmoja na desturi za kwao upande mwingine, na anajiuliza kama inawezekana kushika vyote viwili.

Mama yangu wa Buger, huyo ndiye Mmaasai wa binti yako.

Lakini bado hujajibiwa. Waandishi walibadilika; mbona lugha haikubadilika? Mwaka 1967 serikali iliamua Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Wengi walidhani sekondari zitafuata. Mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilishauri hivyo hivyo, tena ikataja mwaka wa kuanza, 1985. Serikali ilikataa, na mwaka 1984 ilitangaza kwamba sekondari zitabaki na Kiingereza. Wakati ule ule wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima wanafunzi wakakuta Kiingereza chao ni cha chini sana, hata wengi wao hawakuweza kujifunza masomo kwa lugha hiyo. Dawa iliyotolewa mwaka 1987 ilikuwa mradi wa Waingereza wa kuleta vitabu vyepesi vya hadithi katika sekondari. Lugha haikuguswa.

Sitaki kusema upande mmoja tu. Wazazi wengi ninaokutana nao Karatu wanataka Kiingereza, na wana sababu. Watalii wanapita barabara ya Ngorongoro kila siku, na kijana anayekijua anapata kazi. Lakini mtoto wa Buger ana mzigo wake. Nyumbani anasema Kiiraqw, ambacho hakifanani hata kidogo na Kiswahili kwa ukoo, maana ni lugha ya Kikushi. Shule ya msingi anasoma kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza anakuta lugha ya tatu. Kisha anaambiwa aeleze, kwa lugha hiyo ya tatu, kwa nini kijana wa Kimaasai ana huzuni.

Nami nilipita njia hiyo. Katika shule niliyosoma darasa lilikuwa na watu zaidi ya hamsini na nakala saba za kitabu. Mwalimu aliandika muhtasari ubaoni, nasi tukanakili. Majina ya wahusika, mambo makuu manne, mafunzo manne. Nilikariri yote nikapata alama nzuri. Kitabu chenyewe nilikisoma miaka tisa baadaye nikiwa kazini, usiku mmoja, na nilipokimaliza nilikasirika. Kumbe kilikuwa kitamu! Kilikuwa na ugomvi wa baba na mwana kama ule niliouona nyumbani kwetu. Hakuna aliyeniambia kwamba niliruhusiwa kuuona.

Somo hili likifundishwa vizuri, si somo la lugha peke yake. Ni mahali ambapo vijana wanajadili mahari, urithi, ukabila, rushwa na ukimwi bila kumtaja jirani yeyote kwa jina. Nimeliona darasa moja likibishana saa nzima juu ya msichana wa Soyinka, Sidi, aliyechumbiwa na mwalimu kijana akaolewa na mzee. Waliongea Kiingereza, kikawashinda, wakaingia katika Kiswahili, na nyuma kabisa nikasikia Kiiraqw. Mwalimu hakuwakataza. Baadaye aliwarudisha taratibu katika Kiingereza, na sasa walikuwa na jambo la kusema.

Nyumbani kwenu pia kuna fasihi. Mnaijua slufay, ile sala ndefu ambayo wazee huitamka mkutanoni na watu huitikia. Hiyo ni fasihi, na nzito. Bwana W. D. Kamera wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikusanya hadithi za Wairaqw, zikapigwa chapa kwa Kiswahili katika miaka ya 1970. Aliyemsimulia hakuwa na cheti chochote.

Kazi ya wiki hii. Kama una mtoto wa sekondari, mwombe akusimulie kitabu chake kimoja kwa Kiiraqw, tangu mwanzo hadi mwisho. Asiposema vizuri, usimkaripie, mwulize maswali. Nani alimkosea nani? Wewe ungefanya nini? Kisha andika katika daftari lako mistari mitano ya hadithi hiyo kwa Kiswahili. Asiye na mtoto wa sekondari aandike habari za Antonio na deni lake. Mwalimu wenu atasahihisha, na wiki ijayo tutaanza kwa kusoma mistari hiyo kwa sauti.