Voi na Taveta: Historia ya Kinga Iliyokatizwa

Tangu reli ya Uganda, iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896, ilipovuka nyika ya Taru na kufika Voi, mji huu umekuwa kituo cha wasafiri na, kwa bahati mbaya, cha maradhi yao pia. Katika vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, karibu 2,500 walifariki kabla ya kazi kwisha. Na ijapokuwa simba wa Tsavo ndio waliopata umaarufu, kwa insafu yatupasa kusema kwamba homa na kuhara damu viliua wengi mno kuliko simba wale. Mwishoni mwa karne hiyo njaa na ndui ziliiandama nchi kwa pamoja, na wenye njaa, kwa kuhama huku na huku kutafuta chakula, wakaichukua ndui kila walikokwenda.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, Wajerumani wakaiteka Taveta mwezi wa Agosti 1914, na mwaka uliofuata Waingereza wakaanza kujenga reli ya kijeshi kutoka Voi kupitia Maktau. Makaburi ya askari yaliyoko Voi, Maktau na Taveta hukumbusha mapigano kama yale ya Salaita ya Februari 1916. Lakini wapagazi wa kikosi cha Kariakoo, waliobebea majeshi mizigo, ambao zaidi ya 40,000 walifariki katika vita vile vya Afrika ya Mashariki, aghalabu waliuawa na malaria na kuhara, kwani majeshi yana ada ya kuchimba mahandaki upesi na vyoo kwa kuchelewa.

Ama jaribio kubwa kabisa la kuzuia maradhi katika nchi hii lilikuja baadaye. Mwaka 1954 wataalamu wa taasisi ya malaria iliyokuwa Amani, Tanganyika, wakiongozwa na Bagster Wilson, walianzisha mradi wa Pare na Taveta, na mwaka 1955 nyumba zikaanza kupuliziwa dawa iitwayo dieldrini. Hila yake ilikuwa nyepesi: mbu aina ya Anopheles funestus, baada ya kunyonya damu, hupumzika ukutani, na ukuta ule ukiwa na sumu, hufa kabla ya kumwambukiza mtu mwingine. Mbu yule akatoweka majumbani, malaria ikapungua sana, na vifo vya watoto wachanga vikashuka. Hata hivyo Wilson mwenyewe alikuwa na wasiwasi tangu kabla ya kazi kuanza, kwa kuwa aliona kwamba watu waliozoea kuumwa tangu utotoni hujijengea kinga mwilini, na kwamba kuwaondolea ugonjwa kwa muda kisha kuwaachia urudi ni hatari. Upuliziaji ukakoma mwaka 1959. Mbu akarudi pole pole, na malaria nyuma yake. Dieldrini yenyewe leo imepigwa marufuku kwa mkataba wa mataifa, nayo ilistahili. Lakini kosa la kuanza pasipo azma ya kuendelea halikuwa la dawa.

Kosa hilo hilo limo katika hospitali zetu. Ignaz Semmelweis alionyesha huko Vienna mwaka 1847 kwamba tabibu akinawa mikono kwa maji ya klorini, vifo vya wazazi hupungua sana; na mwaka 2020, korona ilipoingia Kenya na madereva wa malori wakalazimika kupimwa mpakani Taveta, kila duka liliweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni. Hofu ilipopoa, ndoo nyingi ziliondolewa, kana kwamba kipindupindu na homa ya matumbo vilikuwa vimehama pamoja na korona. Tena tusiwalaumu wauguzi peke yao: chemchemi ya Mzima imo katika kaunti hii ya Taita Taveta, maji yake husafiri kwa bomba hadi Mombasa, ilhali wako wakazi wa hapa wanaonunua maji kwa mtungi. Mwenye kuamrisha mikono ioshwe ana wajibu wa kuleta maji. Kwa hiyo twawasihi wakuu wa kaunti, watakapopanga bajeti, wahakikishe kwanza kwamba mfereji wa kila wodi hautakauka hata siku moja.