Wagawaji wa Mawimbi

Msomaji, mafahali wawili hawakai zizi moja. Methali hii umeisikia mara nyingi. Lakini huenda hukujua kwamba hata angani hukumu yake ni ile ile. Sauti mbili zikirushwa kwa wimbi moja, mahali pamoja na wakati mmoja, hugongana, asisikike huyu wala yule.

Tuanze mbali kidogo. Mnamo Aprili 1914, Hiram Percy Maxim, mhandisi wa mji wa Hartford, Marekani, alitaka kupeleka habari kwa simu ya upepo hadi Springfield, umbali usiofika kilomita 50. Chombo chake hakikuweza. Basi alimwomba mwenzake aliyekaa kati ya miji hiyo aipokee habari na kuipeleka mbele. Kutokana na msaada huo Maxim aliona kwamba watu wa ridhaa, yaani watumiao redio kwa kuipenda na si kwa ujira, waweza kupokezana habari nchi nzima. Na mwaka ule ule chama chao kiliundwa.

Baadaye kazi ya yule mwenzake wa katikati ilifanywa na mtambo uitwao ripita. Huwekwa mlimani, husikiliza kwa wimbi moja, na papo hapo huyarusha kwa wimbi jingine yale uliyoyasikia. Katika miaka ya 1960 redio kuukuu za teksi na polisi ziliuzwa kwa bei nafuu, watu wa ridhaa wakazinunua, na ripita zikazidi kuongezeka. Katika vilele kama Mlima Wilson, karibu na Los Angeles, wenye kimo cha mita 1,700 hivi, kila mtu alitaka nafasi. Na kuhama hakukuwa jambo jepesi: vyombo vya siku zile vilihitaji kipande cha jiwe la kwatzi kwa kila wimbi, hivyo ripita moja ikihama, wote walioitumia waliingia gharama.

Ni nani basi aliyeamua? Serikali ilitoa leseni na sheria, lakini kumgawia kila mmoja wimbi lake kuliachwa kwa watu wa ridhaa wenyewe. Waliwachagua wenzao, wasiolipwa hata senti, waweke daftari la kila mtambo, mlima wake na wimbi lake. Aliyetaka kujenga ripita alikwenda kwao kwanza kutaka shauri.

Liangalie neno hilo, shauri. Wagawaji hawana askari wala mahakama. Katika miaka ya 1980 sheria ilikuja kuwaunga mkono: ripita mbili zikiingiliana, wenyewe wana wajibu sawa, lakini kama moja ilipendekezwa na mgawaji na nyingine haikupendekezwa, mwenye hii ya pili ndiye wa kwanza kupaswa kuondoa matata. Hata hivyo, mgawaji ni yule tu anayetambuliwa na watu wa ridhaa wa mahali pale. Wakiacha kumtambua, daftari lake ni karatasi tupu.

Kwa hiyo hana budi kutenda haki. Wageni hunung'unika wakiambiwa kwamba nafasi zimejaa, na huku baadhi ya ripita zilizoandikwa daftarini hazisikiki kamwe. Akiwapendelea wakongwe, wageni watajenga bila kumwuliza, na ghasia itarudi. Siku ya tetemeko la ardhi, simu zikatikapo, mtu aliyenaswa katika kifusi aweza kutegemea wimbi moja lililo wazi. Ulinzi wa wimbi hilo, msomaji, si bunduki. Ni imani ya jirani kwa jirani.