Koreshi Hakuwa Mshirika wa Kanisa Letu



Juzi ndugu mmoja hapa Endebess alinijia na swali. Mvua imeanza, shamba limelimwa, lakini pesa ya mbolea hana. Jirani yake Mwislamu, mwenye agroveti, akamwambia achukue mifuko miwili, atalipa akivuna. Ndugu yetu akashukuru, akarudi nyumbani mikono mitupu. "Pasta, nimeomba. Lakini sijui kama hili ni jibu." Na siku za kupanda hazimngoji mtu.

Nilimfungulia Ezra 1. Na wewe fungua.

Mwaka 586 K.K. Nebukadreza alibomoa hekalu la Yerusalemu, vyombo vyake vikapelekwa Babeli. Watu waliomba wakiwa uhamishoni. Mimi ningetarajia Mungu ainue Gideoni mwingine. Lakini aliyeuteka Babeli mwaka 539 K.K. ni Koreshi, mfalme wa Uajemi. Akawaruhusu Wayahudi warudi, akaamuru hekalu lijengwe, na mtunza hazina wake, Mithredathi, akawahesabia vyombo vyao. Vyote pamoja vilikuwa 5,400. Hebu fikiria, vyombo vya nyumba ya Bwana vinahesabiwa na karani wa mfalme mgeni, wala hakipotei hata kikombe! Isaya 45 inamwita Koreshi masihi wa Bwana, kisha inasema wazi kwamba hakumjua Bwana.

Wengine hupenda kusema pengine aliokoka baadaye. Mwaka 1879, katika magofu ya Babeli, ulichimbuliwa udongo wa kuchomwa wenye umbo la pipa dogo, umeandikwa maneno ya Koreshi. Leo uko London. Humo anajisifu kwa kurudisha watu makwao, na anayempa sifa ni Marduk, mungu wa Babeli. Wayahudi hawatajwi hata mara moja. Nilipojua hilo mara ya kwanza lilinisumbua. Siku hizi linanifurahisha.

Sasa njoo Kenya. Mwaka 1844 mmishonari Ludwig Krapf alifika Zanzibar. Sultani Seyyid Said, Mwislamu, alijua kabisa mtu huyu amekuja kuhubiri nini. Hata hivyo alimpa barua ya kuwaagiza maliwali wake wamtendee mema. Kwa barua hiyo Krapf akakaa Mombasa. Mwaka uleule mke wake Rosina na mtoto wao mchanga wakafa kwa homa. Ulikuwa mwaka mchungu.

Na bado katika mwaka huo alianza kukitia kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili. Aliyeketi naye kumsaidia lugha alikuwa kadhi wa Mombasa! Mwaka 1847 sura tatu za kwanza zikachapishwa Marekani. Kwa hiyo katika safari ya Torati ya Musa kuja kwenye lugha tunayoombea leo, mmoja wa wasaidizi wa kwanza alikuwa hakimu wa Kiislamu, na sijasoma popote kwamba alibadilisha dini. Krapf hakumdai hilo kwanza ndipo apokee msaada wake.

Nilipomaliza, ndugu yetu alinyamaza kidogo. Kisha akauliza ile agroveti hufungwa saa ngapi.