Mariama Hima: Kutoka Soko la Boukoki hadi Ubalozi wa Paris

Wanawake wa Afrika walioshika kamera miaka ya mwanzo ya uhuru walikuwa wa kuhesabika. Thérèse Sita-Bella wa Kameruni alitoa Tam-Tam à Paris mwaka 1963. Safi Faye wa Senegal akaja na Kaddu Beykat mwaka 1975. Niger nayo ilikuwa na vigogo wake, wote wanaume: Moustapha Alassane, na Oumarou Ganda aliyenyakua tuzo kuu ya tamasha la filamu la FESPACO mwaka 1972.

Kwa wanawake wa Niger, mlango ukaja kufunguliwa na Mariama Hima, mwanaethnolojia aliyezaliwa Niamey mwaka 1951 na kufanya kazi na mtengenezaji filamu Mfaransa Jean Rouch. Kamera yake hakuipeleka ikulu wala kwenye ngoma za kuwapokea wageni. Katikati ya miaka ya 1980 aliipeleka Boukoki, soko la Niamey ambako kilichotupwa kinapata kazi mpya. Filamu moja, Falaw, inahusu aluminiamu; nyingine, Toukou, mapipa; Katako, mbao. Aluminiamu chakavu huyeyushwa, ikamiminwa kwenye kalibu ya mchanga, ikatoka sufuria ya kupikia familia nzima. Wanaofanya hivyo hawana shahada wala ofisi. Hima aliwatazama kama mafundi wenye elimu yao, na jina la Baabu Banza, filamu nyingine ya mfululizo huo, linasema wazi kwamba hakuna kinachopotea bure.

Siasa ilimkuta nchi ikiwa imechemka. Tarehe 13 Mei 1991 wanawake waliandamana Niamey kwa sababu maandalizi ya Mkutano Mkuu wa Taifa, wa kujadili mustakabali wa nchi, yalikuwa karibu yamewasahau kabisa. Siku hiyo sasa ni Siku ya Wanawake nchini humo. Mwaka 1996, mwaka ulioanza kwa mapinduzi ya kijeshi, Hima alikuwa Katibu wa Dola wa kuendeleza wanawake na kulinda watoto. Baadaye akawa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Niger Ufaransa akiwa balozi.

Vyeo hivyo vilikuwa na uzito, sibishi. Lakini kwangu siasa yake kubwa ilianzia Boukoki, alipowapa mafundi wa sokoni nafasi ambayo hakuna aliyekuwa amewapigia kura waipate. Na hata vyeo vyenyewe havikungoja sheria. Sheria ya kuwatengea wanawake nafasi, asilimia 10 ya viti vya kuchaguliwa na 25 ya uteuzi, Niger iliipitisha mwaka 2000. Hima alikuwa ametangulia kuingia serikalini.