Kutoka Sindano ya Malale Hadi Vidonge 24

Katika vituo vya afya vya vijijini Burundi, anayemwandikia mgonjwa dawa mara nyingi ni muuguzi. Anaandika kwa Kifaransa, anaeleza kwa Kirundi, na huku Kizuka na Rumonge, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, pengine kwa Kiswahili. Baada ya dakika chache mgonjwa yuko njiani na pakiti yake mkononi. Yatakayotokea nyumbani, muuguzi hatayaona.

Mwambao huu uliijua hatari ya dozi zamani, na kwa uchungu. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yalitapakaa kandokando ya Ziwa Tanganyika, yakibebwa na mbung'o wa vichaka vya ufukweni, mahali pale pale watu walipoteka maji na kufunga mitumbwi. Urundi ilikuwa chini ya Wajerumani. Dawa waliyoileta ilikuwa sindano ya Atoxyl, yenye arseniki, ingawa jina lake lilimaanisha dawa isiyo na sumu.

Dozi yake ilikuwa imejaribiwa katika visiwa vya Sese, Uganda, ambako daktari Mjerumani Robert Koch alipiga kambi kati ya 1906 na 1907. Alichoma nusu gramu siku 2 mfululizo, akarudia kila baada ya siku 10. Wagonjwa walipata nafuu, lakini nafuu hiyo haikudumu. Koch akapandisha dozi hadi gramu nzima kila wiki hivi. Watu zaidi ya 20 wakapofuka, na nuru ya macho yao haikurudi. Ndipo akashuka tena kwenye nusu gramu.

Alipoondoka, Friedrich Karl Kleine alishika uongozi wa kampeni, na kambi zikafika Ziwa Tanganyika: Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, na Niansa, ambayo leo ni Nyanza-Lac, kusini mwa Rumonge. Watu wa Imbo, uwanda wa mwambao huo, wakapapaswa tezi za shingo ili kutafuta dalili, vichaka vikafyekwa. Matibabu yalidai sindano nyingi kwa muda mrefu, nazo ziliuma. Katika kambi za Wajerumani, wagonjwa wengi walitoroka. Kuliita hilo ukaidi ni kuwaonea. Aliyeonja maumivu yale na kusikia habari za upofu alikuwa na sababu zake, na hakuna daktari aliyemjua mgonjwa huyo kuliko alivyojijua mwenyewe.

Habari za Sese hazikutosha kuwaonya wengine. Huko Bafia, Kameruni, karibu na mwaka 1930, daktari mmoja wa kampeni ya Wafaransa aliongeza dozi ya triparsamidi, dawa nyingine ya malale, kupita kiwango cha mkuu wake, Eugène Jamot. Takriban watu 700 walipofuka. Sindano moja yenye kosa ingemwumiza mtu mmoja. Agizo lenye kosa liliumiza wilaya.

Leo kinachojaza vituo vya Imbo si malale bali malaria. Mlipuko wa 2000 hadi 2001 uliikumba Burundi kwa wagonjwa zaidi ya milioni 3, wakati klorokwini, dawa ya malaria ya siku hizo, ilikuwa imeshaishiwa nguvu. Mwaka 2003 nchi ikachukua artesuneti pamoja na amodiakwini. Vilikuwa vidonge viwili tofauti, na hapo ndipo kosa lilipopata mlango: mgonjwa aliyelegezwa na amodiakwini angeweza kuiacha na kumeza ile nyingine peke yake. Mwaka 2007 shirika la DNDi na kampuni ya Sanofi walizileta zote mbili ndani ya kidonge kimoja, kwa pakiti 4 zilizopangwa kufuata umri na uzito. Mtoto kidonge 1 kwa siku, mtu mzima 2, kwa siku 3. Hesabu ilikuwa imeshafanyika kiwandani, kabla mama hajafika dirishani.

Mwaka 2019 Burundi ikahamia artemeta na lumefantrini, na hesabu ikarudi mikononi mwa watu. Mtu mzima sasa humeza vidonge 4 mara 2 kwa siku, jumla 24 kwa siku 3. Dozi ya pili inafuata ya kwanza baada ya saa 8, na hapa lugha yenyewe inaweza kuponza. Kwa Mswahili na kwa Mrundi, saa 8 ni ya mchana au ya usiku wa manane. Kwa Kifaransa, "8 h" ni saa mbili asubuhi. Karatasi moja, nyakati tatu. Ndiyo maana muuguzi makini hasemi "saa nane" tu. Humuuliza mgonjwa anameza dozi ya kwanza saa ngapi, kisha wanahesabu pamoja kwa vidole, na mgonjwa anarudia kwa kinywa chake kabla ya kuinuka. Baadhi ya pakiti zina picha ya jua na ya mwezi, kwa ajili ya asiyesoma.

Tena lumefantrini hufyonzwa vizuri mwilini ikimezwa na chakula chenye mafuta. Rumonge ni nchi ya michikichi, na mawese yamo jikoni. Mgonjwa wa malaria hana hamu ya kula, kwa hiyo kijiko cha mchuzi wa samaki wenye mawese kabla ya vidonge vile 4 ni jambo la kuambiwa waziwazi, naye pamoja na yule atakayempikia.