Wagika, Wagalu na uwanja usio na jaji

Igogo, kata ya wilaya ya Nyamagana iliyopanda vilima vya mawe jijini Mwanza, si mtaa wa kabila moja. Nyumba moja ya kupanga yaweza kuwa na Msukuma wa Magu, Mkerewe, Mjita wa Musoma na Mhaya wa Bukoba, na bomba la maji wanachangia. Pakiwa na sherehe na ngoma ya bugobogobo ikalia, anayejitosa kucheza haulizwi kwao ni wapi. Ukarimu huo una historia ndefu, na kwa sehemu kubwa ni historia ya watu waliotaka kushindana mpaka mmoja aaibike.

Masimulizi ya Usukuma yanawataja mafundi wawili wa ngoma na dawa wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Waliomfuata wa kwanza wakaitwa Wagika, wa pili wakaitwa Wagalu. Wakati huo Usukuma ulikuwa na tawala nyingi ndogo, kila moja na ntemi wake na ngoma zake za kitemi. Vyama hivi viwili havikujali mipaka hiyo. Mtu alikuwa raia wa ntemi wake, lakini uwanjani alikuwa Mgika au Mgalu, na wenziwe katika ngoma wangeweza kutoka utawala ambao hajawahi kuukanyaga.

Mashindano yalifanyika, na bado hufanyika, baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti, chakula kikiwa ghalani na watu wakiwa na nafasi. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja kwa uwanja. Watazamaji husimama katikati na kuhamia kunakowavutia. Mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Hapa ndipo ninapoiona akili ya waasisi wake: hakuna jaji wa kumhonga, hakuna mgeni rasmi wa kumpendelea mpwa wake. Mama aliyetoka kuuza dagaa ana uzito sawa na mzee wa ukoo, kwa kuwa wote wawili wana miguu.

Basi ningi, yaani manju wa Kisukuma, hutumia kila mbinu kuuvuta umati. Kuna wanaoingia na chatu shingoni, ujuzi wa Wayeye, chama cha wakamata nyoka. Kuna sanamu za mti zinazochezeshwa, kuna vichekesho, na kuna nyimbo za kumchamba mpinzani mpaka ukoo wake. Na dawa pia, tusifichane: pande zote ziliamini kuwa umati huitwa kwa dawa, na manju aliyeshindwa alimlaumu mganga wake kabla ya kujilaumu mwenyewe.

Bugobogobo ina asili nyingine, shambani. Vikundi vya kulima kwa zamu viliingia shamba la mwenye shughuli vikiongozwa na ngoma, majembe yakipanda na kushuka kwa mdundo mmoja. Mchezaji hodari hulirusha jembe juu, likajizungusha hewani, akalidaka kwa mpini bila kupoteza hatua. Aliye nyuma yake hufanya vivyo hivyo, na wa tatu pia. Mgeni aliweza kujiunga siku hiyo hiyo, maana sharti lilikuwa kulima. Ngoma ya kazi haina siri nyingi za kumfungia mtu nje.

Wasukuma hawakuwa peke yao katika kupanga watu pande mbili. Pwani, ngoma ya beni ilikuwa na pande mbili, Marini na Arinoti, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake pande hizo zikapata matawi hadi ndani kabisa ya Tanganyika. Mgeni wa mjini alijiunga na upande mmoja, akapata papo hapo ndugu wa kumzika na mahasimu wa kuwatania.

Kanisa Katoliki awali lilizitazama ngoma hizi kwa jicho baya, hasa kwa sababu ya dawa. Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, aliona vingine. Huko Bujora, Kisesa, kilomita zipatazo 20 kutoka Mwanza kwa barabara ya Musoma, alijenga kanisa la mviringo kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, akashirikiana na wenyeji kuanzisha Makumbusho ya Wasukuma, na akaiunganisha sikukuu ya Ekaristi na mashindano ya Wagika na Wagalu. Ndiyo Bulabo. Asubuhi misa na maandamano, kisha uwanja unawaka. Sidhani kama kuna padri aliyepata kuwabatiza mahasimu kwa werevu zaidi.

Serikali nayo ilikuwa na mipango yake. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni na kuwakemea wasomi waliojua rumba wasijue ngoma za kwao. Kikundi cha ngoma cha taifa kikafuata, na bugobogobo ikapanda jukwaani ikichezwa na vijana wa makabila mbalimbali. Taifa likapata ngoma, lakini mtazamaji akapewa kiti. Ndivyo ilivyo mpaka leo kwenye mapokezi ya viongozi: dakika tano, mdundo wa haraka, asanteni, hotuba.

Septemba 8, 2021, huko huko Kisesa, machifu walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan, Mzanzibari, na kumpa jina la Hangaya. Kwa waliozoea historia hii, Mzanzibari kupewa jina la Kisukuma halikuwa jambo la ajabu sana. Lililo gumu zaidi ni kuzinusuru ngoma zenyewe na spika kubwa. Spika moja ikiwekwa katikati ya uwanja, Wagika na Wagalu husikika sawasawa kila mahali, na hakuna tena sababu ya mtu kuhama. Manju wa zamani wanalilalamikia jambo hilo, na mimi niko upande wao.